Mkwe wa Dirishani

Mimi huwezi kuniuzia pamba yenye maji. Jaribu uone. Mwaka ule wa tisini na sita soko lilikuwa limefunguliwa, chama cha ushirika si mnunuzi peke yake tena, kampuni za watu binafsi zimejaa Bariadi, kila moja na mizani yake na lori lake, na wakulima nao wakawa wajanja. Mtu anaimwagia pamba maji ili iwe nzito, juu anatandika nyeupe pee, kisha anakuja anakuchekea. Mimi sibishani naye. Nakunja shati, nazamisha mkono kwenye gunia hadi kiwiko, natulia. Pamba yenye maji ina joto tumboni hata kama juu imekauka. Nautoa mkono, namwambia, "Mzee, rudi ukaianike." Ndiyo maana wenzangu wa kituo cha kununulia pamba waliniita Ndalahwa Mkono.

Sisemi haya kwa majivuno. Haya, kidogo ni kwa majivuno. Lakini nataka ujue kwamba mtu huyo huyo, aliyesifika kwa kutambua kilichofichwa ndani ya gunia, alikaa miezi mitatu nyumbani kwake asitambue kilichokuwa mbele ya pua yake. Mganga hajigangi.

Habari yenyewe ni ya mama mkwe wangu, Nyanjige wa Lalago. Alikuwa ameanza kusahau. Alianza na majina, ikafuata njia, na siku moja walimkuta amekaa katikati ya shamba la watu akimsubiri mumewe, ambaye tulimzika miaka kumi nyuma. Aliishi kwa Mashimba, kaka yake mke wangu. Mashimba akienda kwenye ng'ombe alimfungia mama yake chumbani kwa komeo asije akapotea. Mke wangu Milembe alikwenda kusalimia, akasikia mama yake anagonga mlango kwa ndani, anagonga, anagonga. Alirudi Bariadi macho yamevimba.

Mimi nina hasira za karibu. Sikufikiri hata kidogo. "Mama Salu," nikamwambia, "kesho panda gari, kamlete mama yako hapa. Komeo ni la ng'ombe!"

Sasa hapo nikueleze jambo kama wewe si wa huku kwetu. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaogopana. Si kuogopana kwa ugomvi, ni kwa heshima. Nimeoa miaka kumi na miwili, nimekwenda Lalago mara nyingi, na sura ya yule mama sikuijua. Nikikaribia mji wao nilikohoa tangu kwenye njia, yeye akajifunika kanga akaondoka. Salamu zilipitia nyuma ya ukuta. Chakula nililetewa na wengine, nikala mahali asiponiona. Mkikutana njiani mmoja wenu lazima aingie porini, na huyo mmoja ni wewe.

Alipofika kwangu nikasema yale yamekwisha. Tuko mjini, mama ni mgonjwa, mambo ya porini ya nini? "Mgonjwa hana mkwe," nilitangaza, kwa sauti ya mtu anayesema methali ya mababu, kumbe nimeitunga hapo hapo. Milembe aliniangalia kidogo, lakini alifurahi, na mimi nikajiona mtu mwema kuliko wote Bariadi.

Basi kila siku saa kumi nikitoka kituoni niliendesha pikipiki mpaka barazani, nikapaza sauti, "Mayuuu! Mwadeela!" kama tunavyomsalimia mama mchana kwa Kisukuma, nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye goti kwa goti, nikamshika mkono. Kisha nikachukua bakuli la uji nikamlisha kwa kijiko. Mwenyewe! Mwanaume mzima, mkwe, namlisha mama mkwe!

Shukrani zake zilikuwa fimbo. Siku ya kwanza ilinipata sikioni. Siku ya pili uji wote ukawa kwenye shati langu. Siku ya tatu aliinuka akapiga kelele, "Nipelekeni nyumbani! Nipelekeni nyumbani!" akashika njia ya stendi, Milembe nyuma yake pekupeku, mimi nyuma ya Milembe na kijiko mkononi. Majirani wakasema amerogwa. Wengine wakasema ni kichaa cha uzeeni, hakina dawa, tumwombee tu. Mimi kila siku nikazidisha upendo. Niliona labda uji ni mchache.

Habari za Bariadi hufika Lalago kabla hujamaliza kuzisimulia, maana malori ya pamba yanakwenda na kurudi kutwa. Mashimba akatuma neno kwa dereva: Jumapili ya mwisho wa mwezi anakuja kumchukua mama yake. Hawezi kumwacha mama akikimbia barabarani mbele ya watu. Kwake angalau hatapotea. Chumba kipo tayari, na komeo amenunua jipya, kubwa.

Milembe alikuwa anakula. Aliposikia neno komeo aliweka tonge chini, akanawa mkono, akaingia ndani. Nilimsikia analia taratibu ili mama asisikie. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Jirani yetu alikuwa Esteria, nesi mstaafu, mwanamke asiyemwogopa mtu wala ng'ombe. Alikuja kesho yake na swali moja. "Huyu mama anaanzaje?"

"Haanzi," nikasema. "Analipuka tu. Ghafla."

Esteria akacheka mpaka akashika ubavu. "Ghafla! Wewe Ndalahwa Mkono, pamba mbichi inachemka ghafla?"

Neno hilo liliniuma kidogo.

"Dalili ya mvua ni mawingu," akasema. "Nimewauguza wazee wa ugonjwa huu wa kusahau. Maneno yamewaponyoka, lakini shida hazijawaponyoka. Ungekuwa na kiu kali na neno 'maji' umelisahau, ungefanyaje?"

"Ningepiga mtu," nikasema.

"Basi. Acheni kumtazama akishalipuka. Mtazameni kabla yake. Mikono, miguu, macho. Na muangalie kuna nini hapo alipo, nani yupo, kumetokea nini."

Milembe alianza siku hiyo hiyo. Alikaa karibu na mama yake anachambua mchicha huku anamwangalia kwa pembeni, na baada ya siku chache alijua mambo ambayo mimi sikuyaona kwa miezi mitatu. Mama akitulia huwa anaguna wimbo bila maneno. Kwanza wimbo unakatika. Halafu mkono wa kulia unakamata upindo wa kanga, unaukunja, unaukunjua, unaukunja tena haraka haraka. Halafu macho yanatafuta mlango. Halafu anataka kuinuka. Ikifika hapo ndipo inakuja "nipelekeni nyumbani," na baada ya hapo ni fimbo. Kumbe "ghafla" yangu ilikuwa safari ndefu yenye vituo.

"Mkono ukiwa kwenye upindo bado tuna muda," Milembe alisema, na kweli yeye na Esteria walikuwa nao. Mara nyingine ilikuwa ni haja ndogo tu, anaona haya kusema. Mara nyingine kiu. Mara nyingine jua la baraza limemfikia machoni, au redio ya jirani imefunguliwa mpaka mwisho. Wanamsogeza kivulini, wanampa maji, wanakwenda kumwomba jirani apunguze redio, na mkono unaachia upindo wenyewe. Milembe alikuwa anacheka peke yake kwa furaha. Mimi nilifurahi pia, ila jambo moja lilikataa kuondoka. Saa kumi ilibaki pale pale. Kila ikifika saa kumi, fimbo.

"Ni jua kushuka," nikasema. "Wazee wengi jua likishuka hubadilika."

Milembe akawa anafuta sufuria iliyokwisha kutakata. Ukiona mke anafuta sufuria safi, jiandae. "Baba Salu," akasema, "Jumatano na Alhamisi ulikuwa Lagangabilili."

"Ndiyo. Kununua pamba."

"Jua lilishuka Jumatano. Likashuka na Alhamisi."

"Sasa?"

"Mama hakufanya kitu. Aliimba mpaka chakula."

Jamani, hasira zilinipanda! Nilisimama nikapiga meza. Kwa hiyo mimi ndio ugonjwa? Mimi niliyesema aje? Mimi ninayemlisha kwa mkono wangu? Nani mwingine Bariadi hii anamlisha mama mkwe wake? Milembe akaniacha niseme yote, kisha akasema polepole, "Kikulacho ki nguoni mwako," akaenda zake na sufuria yake.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kwa Esteria kumshtakia mke wangu. Esteria akasikiliza, akasema, "Kesho acha pikipiki kwangu. Uchungulie kwanza, kisha uingie kama unavyoingia siku zote. Lakini utumie macho, usitumie mdomo."

Basi kesho yake nikasimama nyuma ya ua wa minyaa wa nyumbani kwangu mwenyewe, nachungulia kama mwizi wa kuku. Mama amekaa barazani anabangua karanga. Anaimba. Amependeza, ametulia, bibi wa watu. Moyo ukaniuma kwamba sijawahi kumwona hivyo. Nikaingia. "Mayuuu! Mwadeela!"

Wimbo ukakatika. Karanga zikaanguka. Mkono ukaenda kwenye upindo.

Nikasimama pale pale, kwa mara ya kwanza nikamtazama. Macho yake yalikuwa chini kabisa, hayakupanda hata mara moja. Kichwa alikigeuza ukutani, akakigeuza upande wa pili, anavuta kanga usoni na kanga haitoshi. Anatafuta pa kujificha. Na pale nilipozoea kuweka kigoda changu, goti kwa goti, ni kati yake na mlango.

Yesu wangu! Hakuwa na hasira yule mama. Alikuwa na aibu. Alisahau majina ya watoto wake, alisahau kwamba mumewe amekufa, lakini mwili wake haukusahau kwamba huyu anayekuja na kelele ni mume wa binti yake. Na mume wa binti yake anamshika mkono! Anamtazama anakula! Miezi mitatu, kila siku saa kumi kamili, nilikuwa namvunjia heshima kwa kijiko, na yeye hana neno la kuniambia niondoke.

Nilirudi kinyumenyume mpaka nje ya ua. Nikakaa kidogo. Kisha nikakohoa, kile kikohozi changu cha Lalago, mara mbili.

Nikachungulia. Mkono ulikuwa umeachia upindo. Mama alijifunika kanga vizuri, bila haraka, akaugeukia ukuta. "We dada," akamwambia Milembe, maana siku hizo alimwona kama dada yake, "subiri. Mkwe anapita."

Nikapita pembeni, macho chini, nikazunguka nyuma ya nyumba. Nilipofika jikoni nikasikia ameanza tena kuimba. Milembe alinifuata, anacheka na machozi yanamtoka. "Mimi aliyenizaa ananiita dada," akasema, "wewe anakujua!" Nilimwomba msamaha hapo hapo, na mimi si mtu wa kuomba msamaha. Aliniambia nirudie, hakusikia vizuri. Alisikia vizuri sana.

Tangu siku hiyo nikawa mgeni nyumbani kwangu na amani ikaingia. Nakohoa kwenye ua. Nasalimia nyuma ya ukuta. Nakula jikoni. Fimbo ikawa ya kutembelea tu. Kitu kimoja tu kilibaki, nacho ni Jumapili.

Mashimba alifika na lori la kuazima. Si mtu mbaya, nisimseme vibaya. Anampenda mama yake, lakini ni pande la mtu na kichwa chake ni kigumu kuliko gurudumu. Aliweka komeo juu ya meza ya sebuleni, limefungwa kwenye gazeti. Nilimweleza yote, upindo, kikohozi, aibu. Akanisikiliza kama unavyomsikiliza muuza dawa za panya.

"Shemeji," akasema, "mtu aliyemsahau mwanawe wa kumzaa atakumbuka mila? Mimi nataka kuona. Tukae wote hapa, chakula mezani. Akitulia, atabaki. Akifanya vurugu, naondoka naye sasa hivi."

Kabla sijajibu alishakwenda uani, akamshika mama mkono, akamleta sebuleni, akamkalisha kwenye kiti cha mlangoni. Mwenyewe akasimama mlangoni, akauziba wote. Milembe alikuwa jikoni anapakua. Mama alikuwa na kipande cha mchembe, kile kiazi kikavu chetu, anakitafuna. Mimi nimekwama upande wa pili wa meza, mbele yake kabisa, na sebule yangu ina mlango mmoja.

Wimbo ulikatika. Akaacha kutafuna.

"Shemeji, nipishe," nikasema.

"Kaa," akasema Mashimba.

Mkono ukaenda kwenye upindo. Ukakunja. Ukakunjua. Nikamtazama Mashimba, hasogei. Mkono ukakunja tena, haraka. Macho ya mama yakaanza kutafuta mlango, na mlango umejaa Mashimba. Ndani ya gazeti lile niliona kama komeo linanicheka.

Nyumba yangu ilikuwa haijakamilika, dirisha lilikuwa la ubao bila nondo. Nashukuru uvivu wangu mpaka leo. Nilipanda kwenye kiti, nikapanda kwenye dirisha na suruali yangu ya kanisani, nikaruka.

Suruali ilipasuka tangu huku mpaka huku. Nilitua kwenye magunia matupu mbele ya wanawake wote waliokuwa wamepanga foleni bombani. Esteria alikuwa barazani kwake. "Baba Salu!" akapaza sauti. "Nyumba inaungua?"

Sikumjibu. Nilikaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, nikajipangusa, nikakohoa mara mbili. Kisha nikasema kwa adabu, sauti ya chini, "Mwadeela, mayu."

Bombani ndoo ya mtu ikafurika, hakuna aliyeitazama.

"Mwadeela, baba," sauti ikajibu kutoka ndani. Tulivu kabisa. "Habari za huko?"

"Nzuri, mayu. Ng'ombe wazima."

"Umekula?"

"Bado, mayu."

Ndani nikamsikia anageuka kwenye kiti. "Nyie mmesimama tu, mkwe ana njaa? Mpelekeeni chakula huko nje. Huyu hali mbele yangu. Ana adabu, huyu. Tangu amchukue mwanangu hajawahi kunitazama usoni."

Milembe akatoka mbio na sahani ya ugali na mlenda, akaniwekea magotini, asijue acheke au alie. Tukasikia hatua za Mashimba zinamsogelea mama yake.

"Mama," akasema, na sauti ya lile pande la mtu ilikuwa imekuwa ndogo. "Unanijua mimi?"

"Wewe sikujui," akasema. "Lakini una sauti ya watu wa kwetu. Kaa ule, usimame nini?"

"Na huyo wa nje?"

"Huyo si mkwe wangu? Huyo namjua."

Nilisikia kiti kinavutwa. Mashimba alikaa, akala, na mara moja nilimsikia anapenga kamasi. Aliondoka jioni na lori tupu. Komeo alilisahau mezani, au alijifanya kulisahau. Mpaka leo linafunga banda letu la kuku.

Lakini kabla hajaondoka, nikiwa bado nakula chini ya dirisha langu mwenyewe, suruali imepasuka, majirani wananionyeshea vidole, nilisikia hatua za mama zikija dirishani, na mkono ukatokea juu ya kichwa changu. Mkono tu, uso umegeuzwa ndani. Ulikuwa mkono ule wa kulia, wa upindo. Ulishika kipande cha mchembe, ukakishusha polepole mpaka usawa wa sikio langu, ukasubiri. Niliutazama vizuri, kama ninavyotazama pamba. Haukutetemeka hata kidogo.

Nikakipokea kwa mikono miwili, macho chini, nikala.